Barua ya wazi kwa Halmashauri ya Wilaya ya Uyui kuhusu afya ya akili ya mama mjamzito na mama aliyejifungua

Kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, Bodi ya Afya, na wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, Tarafa ya Igalula

Matatizo ya akili yanayompata mwanamke katika ujauzito na katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua ni ya aina kadhaa, na yanatofautiana kwa uzito, muda na tiba: simanzi ya siku chache, sonona, wahka uliopitiliza, kihoro cha kufiwa na mtoto, na kichaa cha uzazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la aina hii, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea viwango hivyo hupanda hadi asilimia 15.6 kwa wajawazito na asilimia 19.8 kwa waliojifungua. Wakikaa akina mama watano kwenye benchi la chanjo, yamkini mmoja wao anaumwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuulizia.

Takwimu za Tanzania zinaonyesha picha nzito zaidi. Watafiti wa Muhimbili, akiwamo Profesa Sylvia Kaaya, waliwapima wajawazito 787 wa Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 2010: karibu wanne katika kila kumi walikuwa na dalili za sonona. Mwanza, ambako maisha yanafanana zaidi na ya Tabora, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwakuta wajawazito wapatao theluthi moja wakiwa na dalili hizo hizo. Ni kweli kwamba kipimo cha maswali hakitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa. Hubainisha tu nani anahitaji kukaa na mtaalamu kwa mazungumzo marefu zaidi. Hata hivyo, ugonjwa mwingine wowote ambao ungewagusa wajawazito wengi kiasi hicho ungekuwa umetengewa daftari lake kliniki zamani.

Simanzi ya siku za mwanzo ndiyo nyepesi kuliko zote. Kati ya siku ya tatu na ya tano baada ya kujifungua, zaidi ya nusu ya wanawake hulia bila sababu wanayoweza kuitaja, hukasirika upesi, na hukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala. Homoni za estrojeni na projesteroni, ambazo hupanda sana wakati wa mimba, huporomoka kondo la nyuma likishatoka. Hali hii huisha yenyewe ndani ya wiki mbili, na dawa yake ni usingizi, chakula na mtu wa kumpokea mtoto. Wiki mbili zikipita na machozi bado yapo, suala limekuwa jingine.

Sonona huchukua wiki au miezi, na mara nyingi huanza mimba ikiwa bado tumboni. Mama anayeingia chumba cha muuguzi hasemi kwamba ana sonona. Husema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, usingizi haupo, ana mawazo mengi. Hupimwa malaria, hupewa dawa ya maumivu na vidonge vya kuongeza damu, na yote hayo ni sawa. Ila nyuma ya malalamiko hayo huweza kuwapo huzuni ya siku nzima iliyozidi wiki mbili, kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, kujiona hafai kuwa mama wa mtu, hofu isiyokatika kwamba mtoto atakufa, au kumtazama mtoto bila kuhisi chochote. Hili la mwisho wanawake hulificha kuliko yote, kwa kuwa kila anayekuja kumpa hongera anatarajia kuona furaha.

Madhara yake humfikia mtoto moja kwa moja. Sonona ya mimba imehusishwa na kujifungua kabla ya wakati na kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu. Baada ya kujifungua, mama mwenye sonona huacha kunyonyesha mapema zaidi, huchelewa kutambua homa ya mtoto, na hukosa tarehe za kliniki. Tafiti za nchi maskini zimeonyesha kwamba watoto wa akina mama hawa wamo zaidi katika hatari ya kudumaa na ya kuharisha mara kwa mara. Mtoto anayekuja kupimwa uzito mwezi hadi mwezi huku mstari wa kadi yake ukishuka ana mama ambaye naye anastahili kuangaliwa siku hiyo hiyo.

Sababu za sonona huanzia mwilini, hupitia nyumbani na kuishia shambani. Aliyewahi kuugua sonona kabla ya mimba, au ambaye katika ukoo wake kuna ugonjwa wa akili, yumo katika hatari kubwa zaidi. Upungufu wa damu na uchungu wa muda mrefu huongeza hatari hiyo. Lakini tafiti za Dar es Salaam na Mwanza zinakubaliana kwamba uhusiano na mwenzi una nguvu ya pekee: mwanamke mwenye ugomvi ndani ya nyumba, au asiyeungwa mkono na mwanamume aliyempa mimba, huugua zaidi. Utafiti mwingine uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2013 ulihusisha wajawazito 1,180, na zaidi ya robo yao walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenzi wao katika ujauzito huo. Muuguzi anayeuliza kuhusu huzuni, basi, ajiandae kusikia habari za kipigo.

Kubaki peke yake na mimba ni jambo ambalo mwanamke wa tarafa hii amelijua kwa vizazi vingi. Tura, iliyo katika tarafa hii, ilikuwa mlango wa Unyamwezi kwa misafara iliyotoka pwani na kuvuka nyika ya Mgunda Mkali. Katika karne ya 19 maelfu ya wanaume wa Kinyamwezi walibeba mizigo kila kiangazi kuelekea pwani na kurudi karibu na msimu wa kulima. Wapo wanawake waliosafiri pamoja nao, lakini wengi walibaki kulima na kulea. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 upagazi wa masafa marefu ulipoteza kazi yake, ila wanaume hawakuacha kuondoka. Siku hizi huondoka na ng'ombe kutafuta malisho, huenda migodini, au hupanda treni kwenda Dar es Salaam. Mwanamke wa zamani aliyebaki kijijini alibaki katikati ya bibi, mashangazi na wifi zake. Leo familia iliyohamia msituni kufuata ardhi mpya ya tumbaku mara nyingi haina jamaa hata mmoja karibu, na hapo ndipo uzazi unapokuwa mzigo wa mtu mmoja.

Tumbaku yenyewe ina sehemu yake. Kupandikiza miche, kupalilia, kuvuna majani na kutafuta kuni za kukaushia ni kazi zinazoangukia miezi ya mvua na ya mavuno, bila kujali nani ana mimba ya miezi minane. Jina lililo kwenye daftari la chama cha ushirika wa mazao (AMCOS) mara nyingi ni la mume. Malipo yakichelewa, deni la pembejeo hukaa ndani ya nyumba, na mwanamke aliyefanya kazi msimu mzima hana sauti juu ya fedha inapofika, hata ile ya nauli ya kliniki.

Wasichana wanahitaji kutazamwa kwa namna yao. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016, asilimia 43 ya wasichana wa Tabora wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Ni mkoa wa Katavi pekee uliowazidi. Msichana wa aina hiyo hupoteza kwa mkupuo shule, marafiki na heshima ya baba yake. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi darasani, na ruhusa hiyo ina maana kwa akili yao pia, kwa kuwa inampa msichana kitu cha kungojea. Inabaki kazi ya walimu na wazazi kuifanya iwe kweli.

Wapo pia wanawake wa aina mbili ambao kliniki hukutana nao bila kuwatambua. Wa kwanza ni yule anayegundua siku ya hudhurio la kwanza kwamba ana virusi vya Ukimwi na kuanzishiwa dawa siku hiyo hiyo. Utaratibu huo umeokoa watoto wengi na hauna budi kuendelea, lakini mwanamke huyo hurudi nyumbani na habari mbili kwa mpigo, mimba na virusi, na mara nyingi hana wa kumwambia. Wa pili ni aliyezaa mtoto mfu, au aliyefiwa na mtoto wiki ya kwanza. Maziwa humjaa kifuani, wenzake wodini wananyonyesha, na ndugu humwambia asilie kwa sababu atapata mwingine. Kihoro chake si ugonjwa. Huweza kuwa ugonjwa akikatazwa kuomboleza. Kumwekea kitanda mbali na wanaonyonyesha, kumruhusu kumwona na kumshika mtoto akitaka, na kumfuata nyumbani baada ya wiki mbili hakuhitaji fedha nyingi.

Mila za hapa zina kinga ambayo vitabu vya tiba vimechelewa kuisifu. Arobaini ya uzazi humpa mama siku za kukaa ndani, kukandwa kwa maji ya moto, kunywa uji na kupokelewa mtoto usiku na mama yake mzazi au mkwe. Mwanamke aliyepata arobaini kamili amepumzika na ana watu wanaomwona kila siku, kwa hiyo mabadiliko yake hugunduliwa mapema. Asiyeipata ni yule aliye peke yake au mwenye shamba lisilongoja, naye ndiye anayestahili kutembelewa kwanza.

Kichaa cha uzazi ni ugonjwa tofauti kabisa, na ni wa dharura. Kwa makadirio ya dunia huwapata wanawake mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2002 ulipata 3.2 katika kila 1,000. Huanza ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, tena kwa mwanamke ambaye pengine hakuwahi kuugua akili. Halali usiku mbili au tatu na wala haonekani kuchoka. Maneno yake hayashikamani, husikia sauti, humshuku mume au mkwe kwamba anataka kumdhuru, huamini kwamba mtoto si wake au kwamba mtoto ana kazi maalumu duniani. Saa moja ametulia, saa inayofuata amebadilika. Hatari ya kujidhuru au kumdhuru mtoto ni ya kweli, ndiyo maana hatakiwi kuachwa peke yake hata kwa muda mfupi.

Katika hatua hii ndipo lawama hugharimu maisha. Nchini Uganda, Waganda huiita hali hii amakiro, na kwa imani ya wengi huletwa na uasherati wa mwanamke wakati wa mimba. Daktari John Cox wa Uingereza aliichunguza imani hiyo alipofanya utafiti kati ya wanawake wa Uganda katika miaka ya 1970. Baadaye, mwaka 1987, yeye na wenzake walitunga kipimo cha maswali kumi kiitwacho kwa jina la mji wa Edinburgh, ambacho leo hutumika duniani kote kuwatambua akina mama wenye sonona. Mizizi ya kipimo hicho, kwa hiyo, imepita Afrika Mashariki kabla ya kurudi kama mgeni. Tanzania nayo ina imani ya kubemenda: mtoto akikonda, wazazi hushukiwa kwamba walikutana kimwili, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa, wakati wa kunyonyesha. Mama mwenye sonona ambaye mtoto wake hakui huhukumiwa mara mbili, na akisikia hukumu hiyo haendi kliniki kuitangaza.

Utafiti ule wa Muhimbili wa mwaka 2002 una jambo moja ambalo kila zahanati ya Uyui ingelibandika ukutani. Wengi wa wanawake waliolazwa kwa kichaa cha uzazi walikuwa pia na ugonjwa wa mwili, hasa upungufu wa damu na maambukizi. Akili iliyochanganyika siku ya tano baada ya kujifungua inaweza kutokana na sumu ya uambukizo wa mfuko wa uzazi, malaria iliyopanda kichwani, au kifafa cha mimba, ambacho huweza kutokea hata mtoto akishazaliwa. Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Mwanamke wa namna hii akipelekwa kwanza kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, au kwenye maombi ya siku tatu, huenda akafa kwa ugonjwa ambao sindano za antibiotiki zingeutibu. Apimwe joto, shinikizo la damu, malaria, wekundu wa damu, sukari na mkojo kabla mtu yeyote hajataja pepo. Hakuna haja ya kugombana na waganga wa jadi wala viongozi wa dini. Wao ndio huwaona wagonjwa hawa mapema kuliko daktari. Kinachohitajika ni makubaliano nao: mzazi aliye ndani ya siku arobaini akifikishwa kwao amechanganyikiwa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na dua iendelee huko.

Usafiri wa dharura upo kupitia mfumo wa m-mama, unaopatikana kwa kupiga 115 bila malipo. Inafaa wahudumu na madereva wa mfumo huo waelezwe wazi kwamba mzazi aliyechanganyikiwa ni dharura ya uzazi sawa na anayetoka damu. Vijiji vya upande wa Loya, kwenye mbuga za Wembere, vinahitaji mpango wao wa masika, maana mvua zikikolea hakuna njia ya kutegemea. Rufaa ya kwanza ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini Tabora, na ya mwisho ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Mgonjwa asifungwe kamba. Asafiri na jamaa anayemwamini, na mtoto awe karibu chini ya uangalizi ili kunyonyesha kusikatike bila sababu ya kitabibu.

Tiba ya kichaa cha uzazi ni dawa, usingizi na uangalizi wa karibu, na wengi hupona vizuri. Familia iambiwe kwamba kinaweza kurudi katika uzazi unaofuata, ili mimba hiyo ifuatiliwe mapema. Sonona kali nayo hutibika kwa dawa, na baadhi ya dawa hizo hutumika mama akiwa ananyonyesha. Daktari ndiye wa kuchagua. Dawa moja inahitaji tahadhari ya pekee: valproeti, inayotumika kwa kifafa na kwa ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, huweza kumletea mtoto aliye tumboni kilema cha uti wa mgongo na kudhoofisha akili yake. Mwanamke wa umri wa kuzaa asianzishiwe dawa hiyo ikiwa ipo nyingine ya kumfaa. Vilevile mjamzito asikatishiwe ghafla dawa za akili alizokuwa akitumia kwa sababu tu ana mimba.

Wengi wenye sonona ya kawaida wanahitaji kusikilizwa kwa utaratibu, na hili halingojei daktari bingwa. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Atif Rahman walichapisha matokeo kutoka vijiji vya Pakistani, ambako wahudumu wa afya wa kijiji walifundishwa kuwatembelea akina mama wenye sonona na kuzungumza nao kwa mpangilio kuhusu mawazo yao, mtoto wao na watu wao wa karibu. Baada ya miezi sita, asilimia 23 ya waliotembelewa hivyo walikuwa bado wana sonona, dhidi ya asilimia 53 ya waliotembelewa bila mafunzo hayo. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kufikisha wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Mhudumu anayeingia nyumba kuuliza kuhusu chandarua na choo ana nafasi ya kumuuliza mama amelalaje. Anachohitaji ni mafunzo, na mtu wa kumpigia simu atakapopata jibu zito.

Maswali ya kuanzia ni mawili, na yanatosha kuulizwa huku mkono wa mama ukiwa kwenye kipimo cha presha. Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa mara nyingi na huzuni au kuona hakuna matumaini? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo hufuatwa na swali la tatu, faraghani, mume na mkwe wakiwa nje: imewahi kukujia kwamba heri ufe, au umdhuru mtoto? Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye wameulizwa. Siku bora za kuuliza ni hudhurio la kwanza la mimba, hudhurio la miezi ya mwisho, na siku za chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 na mwezi wa 9. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza huduma hii iingizwe ndani ya kliniki za mama na mtoto zilizopo. Mama asiyekuja kwa ajili yake mwenyewe huja kwa ajili ya chanjo ya mtoto, na wiki ya sita hufika arobaini ikiwa imetoka tu kuisha.

Sheria inahitaji kufahamika kwa wauguzi na kwa polisi pia. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua kwamba mama anayesababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12, akili yake ikiwa imevurugika kwa athari za kujifungua, hashtakiwi kama muuaji wa kukusudia. Kifungu cha 217 bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mwanamke anayeogopa kituo cha polisi hatasema anachokiwaza, kwa hiyo muuguzi amhakikishie tangu mwanzo kwamba ameketi mbele ya mtu wa afya na kwamba anachosema kitatumika kumtibu.

Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri huandaliwa kila mwaka kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Mambo yanayostahili kuingia humo kwa Tarafa ya Igalula ni machache: mafunzo ya siku chache kwa wauguzi wa kliniki na wahudumu wa vijiji, nafasi kwenye daftari ya kuandika majibu ya maswali yale, chumba chenye mlango unaofungwa katika kila kituo, dawa muhimu za sonona na za kichaa zisizokatika kwenye stoo, muuguzi mmoja wa afya ya akili anayefika kwenye vituo vya reli, Igalula, Goweko na Tura, kwa ratiba inayojulikana, na kikao kimoja kwa mwaka na wakunga wa jadi, waganga, mashehe na wachungaji. Hesabu ya mwisho wa mwaka ionyeshe akina mama wangapi waliulizwa, wangapi walihitaji msaada, na wangapi waliupata.